Kinachouzika Makoroboi na Kinachochezeka Nyumbani

Pita Makoroboi siku yoyote, hapa jijini Mwanza, uulizie kitu cha kumchezesha mtoto wa miaka mitatu. Mchuuzi hatakupa vipande vya mbao. Atachukua gari la polisi la plastiki, atabonyeza kitufe, na gari litaanza kuzunguka mezani likipiga king'ora na kuwasha taa nyekundu na za bluu. Au atakuonyesha simu ya kuchezea inayoimba herufi za Kiingereza. Mtoto uliyemshika mkono atakodoa macho, na wewe utaona umepata. Nusu dakika imetosha, fedha imetoka.

Simlaumu mchuuzi. Meza ya barabarani inahitaji bidhaa inayojiuza yenyewe, na inayojiuza ni ile inayofanya kitu mbele ya mnunuzi. Vipande vya mbao havijionyeshi. Kitambaa hakijionyeshi. Mdoli wa matambara analala tu pale alipowekwa mpaka apate mtu wa kumpa uhai. Kwa namna hiyo soko limetuchagulia: vinavyotufikia ni vile vinavyocheza vyenyewe, na kichezeo kinachocheza chenyewe hakina haja kubwa na mtoto. Ukikifikisha nyumbani Buhongwa au Nyakato, mtoto atabonyeza, atatazama, atabonyeza tena. Siku chache baadaye atakivunja ili aone sauti inatokea wapi. Wazazi wengi humkaripia kwa hilo. Mimi naona ndiyo kwanza ameanza kukichezea.

Ninachoshikilia ni hiki: kichezeo kinachoamsha fikra za mtoto mdogo ni kile kinachombakizia kazi, na ambacho anaweza kukiingiza katika maisha anayoyaona kila siku. Nusu ya kwanza ya maneno haya husemwa sana na wataalamu wa malezi. Nusu ya pili haisemwi vya kutosha, na kwa watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria naiona ndiyo nzito zaidi.

Tuanze na kazi. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, aliutafakari mchezo wa mtoto anayepanda fimbo na kuifanya farasi. Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa la akili, kwa sababu mtoto anaitenga maana na kitu chenyewe. Fimbo iko mkononi, farasi yuko kichwani, na mtoto anajua fika kwamba si kitu kimoja. Uwezo huohuo ndio atakaoutumia shuleni kukubali kwamba mchoro ulioandikwa ubaoni ni sauti, na kwamba tarakimu inasimama badala ya vitu ambavyo havipo mezani. Lakini Vygotsky aliongeza jambo ambalo husahaulika: si kila kitu kinaweza kuwa farasi. Fimbo inafaa kwa sababu inapandika. Postikadi haiwezi kuwa farasi hata mtoto akitaka. Mwili wa mtoto lazima upate pa kushika, pa kukalia au pa kusukuma. Ndiyo maana boksi tupu la televisheni huwa mtumbwi papo hapo, maana linaingilika. Ufito huwa kasia. Kifuniko cha sufuria huwa usukani wa daladala ya Igoma, na kiti kilicholazwa chali huwa siti za abiria.

Mwaka 1971 msanii wa Uingereza Simon Nicholson alilifikia wazo la jirani na hilo kwa njia ya ujenzi. Alisema ubunifu wa watu katika mazingira yao unategemea wingi na aina za vitu wanavyoweza kuvihamisha, kuviunganisha na kuvibadili. Bembea iliyochimbiwa kwenye zege ina matumizi yake, ila haibadiliki. Rundo la visoda, vifuu, kamba, mabua ya mtama, vitenge vilivyochakaa na kokoto linabadilika kila asubuhi. Mtoto wa Usukumani aliyewahi kutengeneza gari la mabua, au kuchonga magurudumu kutoka kwenye kandambili zilizokatika, alikuwa anafanya hasa kile Nicholson alichokitetea.

Umri, hata hivyo, unabadilisha hesabu, na hapa ndipo wapenzi wa vitu vya asili wanapopitiliza. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi ndiyo anaanza kuigiza. Anakunywa chai isiyokuwepo kwenye kikombe kitupu, anamlisha mdoli uji wa hewa, anaweka kitu sikioni na kusema "halo". Huyu anahitaji kitu kinachofanana na kile cha kweli. Mpe kikombe chenye sura ya kikombe, mdoli mwenye macho na mdomo, sufuria ndogo na mwiko wake. Kipande cha mti hakimwambii neno. Akikaribia miaka mitatu ataweza kulifunika gunzi la hindi kwa kitambaa na kulibembeleza lilale. Akifika minne au mitano, kitu chenyewe kinaanza kupungua umuhimu na wenzake wanaongezeka: "Wewe uwe konda, mimi dereva, huyu abiria asiye na nauli." Katika umri huo kichezeo chenye maelezo mengi mno kinaanza kumbana. Mdoli aliyeshonewa gauni la malkia na taji kichwani ni malkia asubuhi na jioni, wakati mdoli wa matambara anaweza kuwa mgonjwa wa hospitali ya Bugando saa nne na bibi harusi saa sita.

Sasa nusu ya pili, maisha anayoyaona. Watoto wanaokulia karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba wanaona dagaa wakipimwa kwa ndoo, magunia yakipakiwa kwenye malori, wanunuzi wakija kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Wanasikia bei zikipanda na kushuka. Wale wa Igombe na Kayenze wanawajua wavuvi wanaoondoka na karabai jioni, na akina mama wanaoanika dagaa juani na kuwafukuza kunguru. Wasikilize watoto hawa wakicheza, usiwaingilie. Mchanga ndio dagaa, kopo la maziwa ndiyo ndoo. Mmoja analalamika kipimo hakijajaa. "Mama, niongezee basi." "Siongezi, dagaa wa leo wachache, mbalamwezi." Mwingine anakopa, anaahidi kulipa kesho, na yule wa tatu anamkumbusha kwamba hata jana aliahidi. Ndani ya robo saa watoto hao wamepima, wamehesabu, wamebembeleza, wamekasirika, wamepatana, tena kwa sentensi ndefu kuliko zile wanazojibu darasani wanapoulizwa "hii ni nini?"

Wape watoto haohao seti ya jiko la plastiki yenye oveni, maikrowevu na sinki la bomba mbili. Kama nyumbani wanapika kwa mkaa au kwa mafiga, watafanya nini na oveni? Wataigeuza kabati, au wataikalia. Seti si mbaya, na kuigeuza ni ubunifu pia, lakini tamthilia iliyomo ndani yake bado si yao. Mtoto anaigiza alichokiona, alichosikia na alichosimuliwa. Kichezeo kisichogusa hata kimoja kati ya hivyo kinabaki pambo la rafu, hata kama kimenunuliwa kwa bei ya kuumiza.

Kwa sababu hiyo ningemshauri mzazi abadilishe mpangilio wa mambo. Mpeleke mtoto akaone kwanza, halafu ndipo umpe cha kuchezea. Mvushe kwa kivuko cha Kamanga, asimame aone magari yanavyopangwa, kamba zinavyofungwa, watu wanavyoshuka kwa kusukumana. Ukirudi mpe boksi, kamba na vipande vichache vya mbao, ukae pembeni. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na familia zinazosafiri kwenda Sengerema au Geita zinapita juu ya maji mahali ambapo zamani zilisubiri feri. Mtoto mmoja aliyeruhusiwa kukaa dirishani na kuuliza maswali yake yote njiani ana mchezo wa wiki nzima: ubao juu ya mawe mawili, beseni la maji chini, na foleni ya magari ya visoda. Na asiyeweza kusafiri, hadithi ya bibi inafanya kazi hiyohiyo. Sungura na fisi wamewachezesha watoto wengi wasiowahi kumwona fisi.

Hata mambo mazito yaachwe yaingie mchezoni. Ziwa hili limechukua watu wetu, na watoto wa mwambao wanayasikia mazungumzo ya wakubwa usiku. Mtoto akizamisha boti yake kwenye beseni, akaita msaada, akawaokoa abiria mmoja mmoja na wengine akawazika, wengi wetu tungemkataza tukisema anatabiri mabaya. Tunakosea. Anapanga kitu kilichomtisha ili aweze kukishika. Akicheza msiba au sindano ya hospitali, mwache amalize.

Kuna sababu moja nzuri inayowafanya wazazi wapende vichezeo vinavyoimba Kiingereza, na siwezi kuipuuza. Shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza huwafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea, na mzazi anaogopa wa kwake atakwama. Anadhani simu ile ya plastiki inamtangulizia. Lakini lugha inakua kwa mazungumzo ya watu. Mwaka 2016 mtafiti Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, Marekani, alichapisha matokeo ya kuwasikiliza wazazi na watoto wao wa miezi 10 hadi 16 wakicheza nyumbani. Walipotumia vichezeo vya umeme, wazazi walisema maneno machache zaidi, na watoto nao walitoa sauti chache, kuliko walipokuwa na vitabu. Ulikuwa utafiti mdogo, jozi 26, na nyumba zile hazifanani na zetu. Ila utaratibu wake unaeleweka hata hapa Mkuyuni: kitu kikianza kuongea, mtu mzima hunyamaza. Mtoto mwenye bibi anayemsemesha Kisukuma, mama anayemsemesha Kiswahili na mdoli wa matambara anayemsemesha lugha zote mbili ana mtaji mkubwa wa kuanzia Kiingereza kuliko aliyekariri wimbo wa kitufe.

Kuhusu simu yenyewe ya mzazi na katuni zake sitakaa sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Najua mama anayepika huku ana mzigo wa kupanga biashara hutamani ile nusu saa ya utulivu. Boksi na vyombo vyake vinaweza kumpa utulivu huo kadiri mtoto anavyozoea. Siku za mwanzo kuna kelele.

Idadi nayo inatutatiza, hasa sisi tulioanza kupata. Kuna nyumba Capri Point na Bwiru ambazo chumba cha mtoto hakina pa kukanyaga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya watoto wadogo 36 waliopewa wakati mmoja vichezeo vinne, na wakati mwingine 16. Walipokuwa na vinne walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na walikitumia kwa njia nyingi zaidi. Ukiwa na vingi, funga nusu kwenye mfuko, uviweke juu ya kabati, ubadilishe baada ya majuma kadhaa. Vilivyorudi hupokelewa kama vipya. Kwa mzazi wa kipato kidogo habari hii ni njema kabisa: vitu vinne vilivyochaguliwa vizuri havimfanyi mtoto wake maskini wa mchezo.

Lakini sitaki kusifia umaskini. Kuna kumbukumbu tamu sana za utoto wa magari ya waya ambazo zinaruka makovu. Waya uliokatwa una ncha. Kopo la bati lina ukingo unaokata na kutu juu yake. Usukumani ni nchi ya pamba, na chupa za dawa ya kuua wadudu zinatupwa mashambani. Hizo zisioshwe wala zisipewe mtoto, hata kwa mchezo wa maji, sumu hubaki. Gololi, visoda na mbegu ni vya wakubwa kidogo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu huweka kila kitu mdomoni, na kitu kinachoingia chote kinywani kinaweza kumziba pumzi. Na vile vichezeo vya Makoroboi vyenye betri ndogo za duara kama shilingi vina hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuanza kuunguza nyama ya ndani kwa saa mbili tu. Kama kifuniko cha betri hakifungwi kwa skrubu, usikinunue. Ukihisi mtoto amemeza, mkimbize hospitali saa ileile, usisubiri itoke yenyewe.

Mchanga wa ufukweni ni kichezeo bora kuliko vyote nilivyovitaja, na hauna bei. Tatizo ni maji yake. Kichocho kipo kandokando ya ziwa, na mtoto anakipata kwa kuchezea maji ya kina kifupi yenye konokono. Chukua mchanga mkavu wa juu, upeleke uani, mpe na dumu la maji safi. Atajenga Mwanza yake humohumo, milima yake na mawe yake.

Tukinunua, tununue kwa jicho jingine. Mafundi seremala wana mabaki ya mbao ambayo mara nyingi huishia kuwa kuni. Mwombe akukatie vipande 40 hivi vya ukubwa mbalimbali, avipige msasa vizuri, asivipake rangi. Kwenye mitumba ya Mlango Mmoja tafuta midoli ya manyoya. Kagua macho na vifungo kama vimeshonwa imara, fua, anika juani. Wanyama wa plastiki wasio na betri ni ununuzi mzuri, hasa ng'ombe, mbuzi na kuku, maana mtoto anajua wanakula nini na nani huwachunga. Udongo wa mfinyanzi ni mzuri zaidi, kwani hapo ng'ombe anaumbwa na mtoto mwenyewe, pembe atakavyo. Ongeza vitenge viwili vya zamani. Kitenge ni hema, ni mbeleko, ni tanga la ngalawa, ni maji ya ziwa.

Na tuache kugawa kwa jinsia. Wavulana wanapewa magari, wasichana wanapewa midoli na vyombo, na tunadhani tumeheshimu maumbile. Mwaloni wanawake wana mitaji na wanasimamia mizigo. Msichana mwenye lori la kuchezea anaigiza anachokiona. Mvulana anayebeba mdoli mgongoni anajifunza kuwa baba atakayemshika mtoto wake. Kumcheka ni kumfunza kwamba kulea si kazi yake.

Linalobaki kunisumbua zaidi liko kwenye madarasa ya awali na vituo vya kulelea watoto. Serikali ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto wa miaka 0 hadi 8, na ujifunzaji wa awali ni moja ya nguzo zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetambua haki ya mtoto ya kupata burudani. Na bado kuna vituo ambavyo ukiingia utaona midoli mizuri juu ya kabati, imo kwenye nailoni zake, watoto wamekaa chini wanaitikia a, e, i, o, u. Ukiuliza, unaambiwa wataiharibu. Mwalimu namwelewa: ana watoto wengi, na kikipotea kitu huenda akakatwa mshahara yeye. Njia ya kumtoa kwenye hofu hiyo ni kujaza darasa vitu ambavyo kuharibika kwake hakumgharimu mtu.

Kila Januari wazazi hupokea orodha ya mahitaji: rimu ya karatasi, ufagio, sabuni, madaftari. Mwalimu mkuu anaweza kuongeza mstari mmoja kwenye orodha hiyo, usiomgharimu mzazi hata shilingi: boksi moja kubwa tupu, kitenge kimoja kilichochakaa na kufuliwa, makopo mawili ya plastiki ya vyakula yenye vifuniko. Darasa la watoto 50 litapata maboksi 50, vitenge 50 na makopo 100, na vikichakaa kabla ya Juni, vitaombwa tena.